Ya Tatu Mpe Jembe

Kifodi cha Usa kiliondoka Sanawari kabla ya saa moja asubuhi, kimejaa mpaka mlangoni. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima aliyepakata mkungu wa ndizi mbichi. Kikonyo alikuwa amekifunga kwa jani kavu la mgomba ili utomvu usichafue nguo za watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nivumilie na huu mzigo, naupeleka msibani."

Alishuka Tengeru. Konda alimsaidia kushusha mkungu, na kabla hajavuka barabara nilimwona akitoa kwenye pindo la khanga noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne. Mtu yeyote wa Arusha anajua noti ile inaenda wapi. Kwenye kila msiba, chini ya turubai, pana meza ndogo na daftari la shule. Mtu anaandikisha jina lake, mtaa anaotoka na alichokuja nacho. Fedha zina safu yake na vitu vina safu yake: ndizi mkungu mmoja, sukari kilo mbili, kuni mzigo mmoja, maziwa lita tano. Familia hulitunza daftari hilo miaka mingi, maana siku msiba utakapobisha hodi kwa aliyeleta, litafunguliwa tena.

Safari yangu siku hiyo ilikuwa ya kuitafuta mizizi ya daftari lile. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa kwenye ardhi yao kaskazini mashariki mwa Mlima Meru. Kesi yao ilifika Umoja wa Mataifa, New York, na wengi tunaijua kwa jina la mtu mmoja, Kirilo Japhet. Jina hilo linastahili kila heshima linalopewa. Lakini swali nililoondoka nalo nyumbani lilikuwa jingine: usiku ule wa kwanza, watu wote hao walilala kwa nani?

Waliofukuzwa waliteremka kutoka Ngarenanyuki kuja kwa ndugu na jamaa katika vijiji vya mlimani. Mimi niliamua kuipanda njia hiyo kutoka mwisho wake kwenda mwanzo.

Pete ya chuma

Ukipita Tengeru kuelekea Moshi, kushoto kwako ni mlima, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560. Mitelemko yake imejaa vihamba: kahawa chini ya kivuli cha migomba, nyumba zimekaribiana, na kati ya jirani na jirani pana uzio wa masale. Kandokando ya barabara na kulia kwako, kwenye tambarare, mipaka inanyooka ghafla. Huko ndiko yalikokuwa mashamba makubwa ya walowezi, yaliyopimwa kwa kamba. Ukisimama pale ukageuza shingo upande huu na upande ule, umeshasoma nusu ya historia ya Meru.

Juu kidogo ya Tengeru kuna Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema hapo na wakauawa. Wajerumani walilipiza kisasi bila kuchagua mwenye kosa na asiye na kosa. Askari wao, pamoja na wapiganaji waliowatoa Kilimanjaro, walikata na kuchoma migomba, wakaswaga ng'ombe, wakaua watu. Machi 2, 1900, Mangi Lobulu wa Wameru alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine wa kaskazini, akiwemo Mangi Meli wa Old Moshi. Wameru na Waarusha, majirani wanaougawana mlima huu, walilazimishwa kubeba mawe na chokaa kujenga boma la Wajerumani. Ni jengo lile jeupe ambalo leo ni makumbusho katikati ya jiji la Arusha. Watoto wa shule wanapopanga foleni kuingia mle ndani, wanakanyaga jasho la babu wa babu zao.

Baada ya damu ikaja zamu ya ardhi. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, walowezi wa Kijerumani na Makaburu kutoka Afrika Kusini waligawiwa mashamba kuuzunguka mlima kwa chini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha na Waingereza wakaishika Tanganyika, mashamba mengi ya Wajerumani yaliuzwa upya, safari hii kwa Wagiriki na Waingereza. Wanahistoria wameuita mzunguko huo pete ya chuma. Juu ya Wameru kulikuwa na msitu wa serikali, na chini yao mashamba ya wageni. Waliobaki katikati walizaliana, wakagawana vihamba kwa watoto, kisha kwa wajukuu, mpaka kihamba kikawa kipande.

Maisha ya kubanwa hivyo yanaweza kuwafanya watu wachukiane. Meru yaliwafundisha pia kuhesabiana. Mfereji wa maji unaochepushwa kutoka mtoni unapita kwenye mashamba ya kaya nyingi kabla ya kufika kwa wa mwisho. Wa juu akiziba, wa chini anakufa njaa. Kwa hiyo kulikuwa na zamu ya maji, na kulikuwa na siku ya kuzibua mfereji ambayo kila kaya ilitoa mtu na jembe lake. Kaskazini hii kazi ya namna hiyo ina jina lake, msaragambo, na asiyetokea hajifichi, kwa sababu kipande chake cha mfereji kinabaki na matope watu wote wakikiona.

Wageni wa Tengeru

Kabla ya kuendelea na safari nilipita makaburi ya Wapolandi, yaliyo Tengeru, si mbali na Ziwa Duluti. Ni mahali pa kimya, pana uzio na misalaba iliyopangwa kwa mistari. Mwaka 1942, katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 walifikishwa hapa, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Walikuwa wametolewa makwao kwa nguvu na kupelekwa Siberia na Asia ya Kati, wakapitia Uajemi, wakaletwa na meli mpaka Afrika Mashariki. Chini ya Mlima Meru walijengewa vijumba vya udongo vilivyoezekwa kwa nyasi na majani, wakawa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya miaka yenyewe. Wageni wa mwisho wa kambi ya Tengeru walikuwa wakifungasha mizigo kwenda kuanza maisha mapya ng'ambo katika kipindi kilekile ambacho, mwendo wa saa chache kutoka hapo, serikali ileile ilikuwa ikiwaandaa wenyeji kuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Mlima huu ulijua kupokea. Ulikuwa umemhifadhi mtu aliyetoka mbali hivyo akiwa hana kitu, na udongo wake umewafunika mpaka leo wale ambao hawakuwahi kurudi. Sasa ulikuwa unaelekea kujaribiwa na dhiki ya watoto wake wenyewe.

Maji mekundu

Usa River nilipata gari la kwenda Ngarenanyuki, mabati ya kuezekea juu ya keria na magunia ndani. Barabara inaacha lami, inapanda, inaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwenye geti la Ngongongare. Abiria wa Ngarenanyuki wanapita katikati ya hifadhi kwenda makwao, kwa hiyo akina mama wenye ndoo za nyanya wanawatazama twiga kama mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani. Pana uwanda wa wazi wanaouita Serengeti Ndogo, nyati wamelala. Mbele zaidi ni maziwa ya Momella, na anga likiwa safi Kilimanjaro inajitokeza upande wa mashariki.

Ukishatoka upande wa pili wa hifadhi, nchi inabadilika. Migomba inapungua na vumbi linaongezeka. Upande huu mlima unaikinga mvua ya kutoka baharini, na anayelima anategemea mto. Ngarenanyuki ni jina la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Maji hayo yana madini ya floraidi kwa wingi, na wenyeji wengi wana meno yenye rangi ya kahawia tangu utotoni. Sikuiona paradiso. Niliiona ardhi inayompa mtu kwa kadiri ya jasho lake.

Wameru walioanza kuhamia huku walikuwa wanaitafuta nafasi ambayo pete ya chuma iliwanyima kule kusini. Walileta mifugo, wakalima, wakajenga nyumba za ibada na shule. Kitovu cha makazi yao kilikuwa mashamba mawili yaliyoandikwa kwenye vitabu vya serikali kwa namba, 31 na 328. Yalikuwa ya walowezi, na yalikombolewa kwa fedha za Wameru wenyewe. Hapa pana jambo la kukumbukwa: hata kabla ya balaa la 1951, watu hawa walikuwa wamekwisha kujifunza kuchanga ili kuinunua upya ardhi ya babu zao.

Mwaka 1947 ilitolewa ripoti ya Jaji Mark Wilson, aliyepewa kazi ya kuchunguza ugawaji wa ardhi katika Arusha na Moshi. Ripoti ilikiri kwamba Waafrika wa milimani wamebanwa, ikapendekeza baadhi ya mashamba yarudishwe kwao. Lakini ilipendekeza pia kwamba eneo la kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi wa Kizungu peke yao, kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe wa nyama na maziwa. Wameru wa Ngarenanyuki walikuwa katikati ya eneo hilo. Kwa mujibu wa mpango walitakiwa kuhamia King'ori, chini zaidi, kwenye joto, malaria na maradhi ya mifugo.

Wameru walikataa. Walipeleka malalamiko kwa maneno na kwa maandishi. Gavana Edward Twining hakubadili msimamo. Novemba 17, 1951, polisi na vibarua waliingia Ngarenanyuki na kuanza kuwahamisha watu kwa nguvu. Vyombo vilitolewa nje, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori. Zoezi liliendelea kwa wiki kadhaa. Watu hawakupigana. Walikuwa wamekubaliana kutoinua mkono, na pia kutoinua mguu kwa hiari. Mifugo mingi iliyofikishwa King'ori ilikufa.

Nilisimama kwenye ukingo wa mto nikijaribu kuiona Novemba ile. Ni mwezi wa mvua za vuli, mwezi ambao mkulima anatakiwa awe shambani. Sufuria, kitanda cha kamba, debe la mbegu, mtoto mgongoni, moshi wa nyumba yako mwenyewe nyuma yako. Na mbele yako barabara ya kwenda mahali palipochaguliwa na mtu mwingine.

Mgeni wa siku mbili

Hapa ndipo swali langu lilipopata jibu lake. Serikali ilikuwa imeandaa King'ori. Mpango wote, ramani na malori, ulitegemea jambo moja: kwamba mtu aliyechomewa nyumba hana pa kwenda ila pale alipopangiwa. Wengi wa waliofukuzwa hawakwenda kukaa huko. Walikwenda mlimani, kwenye vihamba vilevile vilivyobanana, wakabisha hodi.

Wakafunguliwa. Wameru wana koo zao, akina Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko, Nanyaro, Sarakikya, Akyoo, Ayo, Urio na wengine, na kila ukoo una washili wake, wazee wanaosimamia mambo ya watu wao. Wana marika yanayowafunga vijana waliopitia jando pamoja. Wana ukwe na urafiki wa ng'ombe, pale mtu anapomwekea mwenzake mfugo wake zizini. Wana makanisa na mifereji. Mtu aliyefukuzwa Ngarenanyuki alikuwa na nyuzi nyingi zilizomfunga kwa watu wa kusini. Siku ile kila uzi ulivutwa, na ulikaza.

Waswahili tunasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina busara: ukarimu usigeuke mzigo, mgeni naye ashiriki kazi. Lakini tafakari maana yake pale Meru mwishoni mwa 1951. Mgeni huyu hakuja siku mbili. Amekuja na mke, watoto, wazazi na mbuzi waliosalia, wala hajui ataondoka lini. Ukimpa jembe, lazima umpe na mahali pa kulima, na mahali hapo ni palepale ulipopanga mwanao wa pili ajenge. Kumpokea jirani kulikuwa na gharama iliyopimwa kwa hatua za mguu, kutoka kwenye uzio wa masale mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

Sale ni mmea wa ajabu kwa jambo hili. Majirani wa kaskazini wanaupanda kuweka mpaka: huku kwangu, kule kwako. Na jani la sale hilohilo ndilo mtu anashika mkononi anapokwenda kuomba radhi au kupatanisha waliokosana. Mpaka na upatanisho vinaota kwenye shina moja. Waliowapokea wenzao mwaka ule hawakung'oa masale yao. Walijua ya nani ni ya nani, na wakijua hivyo hivyo wakampisha mwenzao aingie.

Ndiyo maana nasema kwamba kukataa kwenda King'ori, jambo lililoishangaza serikali, kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na mlango wa jirani. Mtu asiye na pa kulala hawezi kugoma kwa muda mrefu, kwa sababu njaa na baridi humtia saini kwenye karatasi yoyote. Wameru waliweza kusema hapana mwezi baada ya mwezi kwa kuwa kila jioni kulikuwa na chungu cha kande kwa mtu mwingine, au bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, na sauti ya kusema karibuni. Mtetezi angeweza kupanda ndege kwenda kuwasemea. Kama nyuma yake watu wangekuwa wamekwisha kutulia King'ori kwa kukosa njia, angesema juu ya jambo lililokwisha.

Haba na haba

Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini. Uingereza iliitawala kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Wameru waliishika haki hiyo kwa mikono miwili. Walikuwa na mwanasheria, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi na aliyeyabeba mambo yao kama yake. Walikuwa na Kirilo Japhet, aliyezaliwa 1921, kijana mwenye kujua kusema na kusikiliza. Walichokosa ni fedha za mawakili, karatasi, simu za maandishi, nauli na malazi ng'ambo.

Fedha zilitoka mlimani. Chama chao, Meru Citizens Union, kilikusanya michango ya watu ambao mali yao ilikuwa kahawa kidogo, ndizi na mifugo. Kati ya waliochanga, wengi walikuwa tayari wanalisha midomo isiyo ya nyumbani mwao. Haba na haba hujaza kibaba ni maneno tunayoyatamka kwa wepesi. Hebu yapime kwa uzito wa mtu anayeuza debe la mahindi ili mwenzake akaseme New York.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, na baadaye mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, akaeleza yaliyowapata watu wa Ngarenanyuki. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kutoa malalamiko kwa mdomo wake katika Umoja wa Mataifa. Kamati ya Nne iliwaunga mkono Wameru. Azimio lilipofikishwa kwenye Baraza Kuu lenyewe halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika, likaanguka. Ardhi haikurudishwa.

Kwa hesabu ya mahakama, walishindwa. Kwa hesabu ya daftari, tuangalie kilichofuata. Kirilo aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akiwaeleza watu alichoona na alichosema. Watu wa sehemu nyingine za Tanganyika, ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru, walisikia kwamba jambo la mkulima wa kijijini linaweza kusemwa mbele ya dunia. Chama cha TAA, ambacho Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, kiliipata kesi ya Meru mkononi kama mfano ulio hai. Julai 7, 1954, kutoka chama hicho ikazaliwa TANU. Machi 1955 Nyerere mwenyewe alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, akipita mlango ambao mwana wa Meru alikuwa ameufungua kwa shilingi za majirani zake.

Mpango wa ufugaji wa walowezi katika Ngarenanyuki haukustawi. Uhuru ulipokuja Desemba 1961 upepo ulikuwa umegeuka, na ardhi ile ikarudi mikononi mwa Wameru. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Kirilo Japhet na Earle Seaton walichapisha kitabu juu ya kesi hiyo, The Meru Land Case. Mwaka 1974 Ismael Mbise, mwandishi wa Kimeru, akaisimulia kwa njia ya riwaya, Blood on Our Land.

Ujirani wenyewe haukuirudisha ardhi, na ni vema kulisema hili wazi. Kupokeana hakukuondoa msongamano wa vihamba, wala hakukuponya ng'ombe waliokufa. Msaada wa jirani hauwezi kuchukua nafasi ya haki, na serikali yoyote inayowasifu wananchi kwa kusaidiana huku ikiwanyima haki yao inajificha nyuma ya wema wao. Ujirani uliwapa Wameru muda. Miaka kumi ya kudai inahitaji miaka kumi ya kula na kulala, na hiyo haikutoka serikalini wala New York.

Kipande cha mfereji

Ngarenanyuki ya leo inalima nyanya, vitunguu na maharage. Mchana niliwakuta watu kama ishirini, wanaume na wanawake, wamepangana kwenye mfereji, kila mmoja na kipande chake. Wanachota matope kwa koleo na kuyatupa ukingoni, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Mzee mmoja aliyekaa chini ya mgunga alikuwa akihesabu vipande kwa fimbo. Kipande kimoja kilikuwa hakina mtu. Nilidhani mwenyewe atatozwa faini. Niliambiwa ni cha mama anayeuguza. Vijana wawili waliomaliza vyao walirudi nyuma, wakakishika kipande kile bila kuambiwa na mtu, na maji yalipofunguliwa yalipita hapo kama yalivyopita kwingine.

Nililiangalia hilo nikafikiria Arusha ninamoishi. Mji umekua, watu wametoka kila mkoa, na nyumba za uzio mrefu zimeongezeka. Kuna mitaa ambayo jirani anamjua jirani kwa gari lake tu. Lakini mzizi haujakauka. Akina mama wa mtaa wetu wana kikoba kinachokutana kila wiki: wananunua hisa, wanakopeshana, na wana mfuko wa jamii wa pembeni kwa ajili ya anayeugua au kufiwa. Wana pia mchezo wa kupeana, kijumbe anakusanya na zamu inazunguka. Kikundi cha WhatsApp cha mtaa kinalala kimya miezi, halafu usiku mmoja inaingia habari ya msiba, na kabla ya asubuhi mtu ametaja viti, mwingine turubai, mwingine sufuria kubwa. Hao ni Wameru, Waarusha, Wachaga, Wapare, Warangi, Wanyaturu, Wasomali. Nyuzi za ukoo na rika hawana kwa pamoja. Wameamua kusuka nyingine.

Kitu kimoja katika hadithi ya 1951 kinafaa kuwa onyo kwetu. Nyuzi zile hazikusukwa Novemba 17. Zilikuwa zimesukwa kwa miaka mingi, kwenye kuzibua mifereji, kubeba maharusi, kuzika wazee, kuwekeana mifugo. Siku ya balaa hazikuwa na haja ya kutafutwa. Anayengoja dhiki ndipo amjue jirani yake anakuwa amechelewa.

Gari la jioni lilinirudisha kupitia Momella, jua likizama nyuma ya kilele. Usa nilipanda kifodi. Tengeru, kabla hatujapita, niliona taa chini ya turubai karibu na barabara, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, moshi wa jikoni ukipanda kati ya migomba. Sikuwa na uhakika kama ndiko alikokwenda yule mama wa asubuhi. Msiba hauna mwaliko. Nilimwambia konda anishushe.

Kijana aliyeshika daftari alinipisha kiti. Kurasa zilikuwa zimejaa mwandiko wake uliolala upande mmoja, na kwenye safu ya vitu, juu kabisa ya ukurasa wa siku hiyo, palikuwa na ndizi, mkungu mmoja. Nilitoa nilichokuwa nacho.

"Tuandike nani, kaka?"

Nikamtajia jina.

"Na unatokea wapi?"

"Ngulelo."

Ni mwendo mrefu kidogo kutoka hapo. Aliandika, akakausha wino kwa kiganja, akanionyesha pa kunawia mikono.

"Karibu, jirani. Chakula kipo."